Kijiko ya Nkandu

...miaka ngapi, ameuliza tu hivi, hata hajaniangalia, masere Constance, mutawa wa parokia, iko nafuta kijiko na kitambaa yake, na huyu wako, mama Nkandu, iko na miaka ngapi, na mimi niko nasimama hapa ku meza na chupa ya dawa mu mukono, mimi njo mwenye kushika chupa kila juma mu hii sale ya parokia, mimi njo mwenye kugeuzia bamama Kifaransa ya masere, batoto ba chini ya miaka tano kijiko moja, kuanzia tano bijiko bibili, siro ya zinki, inatoka Bulaya mu makarito, bantu ba huruma njo balichanga feza, juu ya batoto benye habakomae, benye kuhara kila mara, benye bidonda pembeni ya kinywa, nimeyasema mara mingi mpaka naweza kuyasema mu usingizi, na sasa Nkandu wangu iko mbele ya masere na bidonda yake pembeni ya kinywa, juu leo nilikosa mutu wa kumuachia ku nyumba, nilimwambia ikala kule nyuma ya mulango, usisogee, na yeye amesogea, ameona batoto benzake bananyonya kijiko, amefwata... sema ine, basi, mulomo wako unajua njia, ulisema ine ku soko, ulisema ine ku feti ya chama wakati bamama ba kampi tulikuwa tunangojea kucheza animation, ile ngoma ya kusifu chama, iko na miaka ine, na bote, aa, kwa miaka ine amekomaa muzuri, na ile sifa niliilamba kama sukari, na alikuwa na tano ile siku, na mbele ya pale nilisema tatu, alikuwa na ine, bantu bengine banaficha miaka yao, mimi nimeficha ya mutoto, leo iko na sita yenye kutimia, sita, hata mu roho inanishinda kuisema.

Na Adija iko palepale, wa pili mu mulolongo, Adija muke ya fundi wa nguo wa Kamalondo, yeye anajua, hata nikijificha wapi, tulizaa juma moja, kitanda yake na kitanda yangu ku maternité bilikuwa binagusana, Habiba yake na Nkandu yangu balilia pamoja, na sasa Habiba kichwa inafika ku kifua ya mama yake, Nkandu inafika hapa, ku kiuno, na juma ile ingine mwanamuke moja alimuuliza, hawa bawili beko sawasawa, na Adija, mwenye hanidai kitu, mwenye haogope mulomo wa mutu, alijibu polepole, hapana, Habiba njo mukubwa, akaangalia chini, akafunga kitenge yake upya, afazali angenicheka, afazali angesema ukweli mbele ya bote, lakini alinifunikia haya yangu namna unafunikia mugeni sahani juu ya mainzi, na mimi nikaendelea kusema na sauti ya juu, bamama, musizarau bishimu, bale badudu ba ku miti benye kukaushwa, musizarau ndakala, bale samaki badogo ba kukauka, mule njo muko nguvu ya kukomaza mutoto, maneno ya masere, sauti yangu safi kabisa, mama Chileshe angenisikia angetema mate, mama mukwe yangu, alitoka Sakania na mufuko ya bishimu ku kichwa na ndakala ya ziwa Moero ndani ya karatasi, ya mujukuu, alisema, na mimi nikamujibu, mama, hapa kampi ya kampuni, mutoto wako Kalaba, bwana yangu, iko shefu wa bantu ku mugodi, mutoto wa shefu hakule badudu, hapa tunakula mukate na chai, yule mama akafunga mufuko, nikamupa jirani yote, na Nkandu nikamupa mukate mweupe na manteka, chai na sukari mingi, asubuhi mukate, mangaribi mukate, makaratasi ya mukate nilikuwa natupa mbele ya mulango, si nyuma, mbele, bapita njia baone... bantu ba bureau banakula hivi, nilikuwa nasema, na mutoto akawa nakwangua ukuta na kucha, nakula udongo, nikamupiga, unataka baseme hatukupe chakula, nikamupiga ku mikono, na mwezi moja kisha masere akafundisha kama mutoto mwenye kukosa zinki anaweza kutamani udongo, na nikageuza ile neno kwa neno, mbele ya bamama bote, bila kukohoa.

Na ile ya masomo, ile njo inanichoma, mukubwa wa masomo alimwambia Nkandu, pitisha mukono juu ya kichwa, shika sikio ya upande ingine, juu njo vile banapima mutoto kama ametimiza miaka ya kuanza, na mukono ukaishia mu nywele, bidole binatafuta, binatafuta, sikio haifikiwe, Nkandu akainama shingo kusudi afike, mulete mwaka yenye kuya, mama, akasema, bado mudogo, na mimi nilitoka pale na furaha, Mungu anisamehe, mama yake muzazi, na furaha, juu ile sikio ilikuwa inanisaidia uongo... Kalaba alikuwa namupima ku mulango, anaweka alama na kipande ya makaa, alama ya mwaka huu ikaanguka juu ya ile ya mwaka jana, akaiangalia, akavaa buti, akaenda ku kazi, nikafuta zote na sabuni, na treni ikapita nyuma ya kampi na mawe ya zinki, behewa nyuma ya behewa, Kalaba anachimbua zinki siku zote, mavumbi yake anatuletea mu nguo, na ya mutoto wake inatakiwa kuombwa Bulaya, kijiko, na hata ile kijiko nimemunyima, kila juma nimeshika hii chupa, hii hapa, nimewapa batoto ba bantu, wangu nyuma ya mulango, juu anayekuya ku kijiko amekubali kama ku nyumba kwiko kitu kinakosa.

Mama Nkandu, masere anasema tena, miaka ngapi, ni moja ao bibili, na kijiko iko juu, ngojea, masere, kidogo, lakini Nkandu ameniangalia, ameangalia masere, na ameinua mukono, bidole ine, kidole gumba amekikunja muzuri ndani ya kiganja, namna nilimufundisha, na macho iko ku mimi, kama amefanya vizuri, kama nitafurahi... Adija iko naangalia chini, iko nafunga kitenge yake tena, iko tayari kunifunika mara ingine, atanibebea haya yangu mpaka lini, basi, Adija, inatosha, niko naweka chupa ku meza, niko napiga magoti mbele ya mutoto, nakamata ule mukono mudogo, nafungua kidole gumba, kimekaza, natafuta kidole ya sita mu mukono ule ingine, na Nkandu iko nakataa, iko nakunja tena, iko nanong'ona mu sikio yangu, ine, mama, ine, juu anafikiri ni mimi nimesahau.