Namba ya Mwalimu Desimali

Fundi cherehani alijua fika kwamba vifungo vya Mwalimu havikatiki vyenyewe. Uzi ulionekana wazi umepitiwa na wembe, na kila wiki shati jingine. Alishona tu, akamkabidhi. Mwalimu alishukuru, akabaki mlangoni akijikanyaga miguu, kisha akaondoka. Alifundisha hesabu, na wanafunzi walimpachika jina la Desimali kwa sababu kila sentensi yake ilibaki bila mwisho, kama desimali isiyokoma.

"Huyo atakuzeekea hapo mlangoni," alitania dada yake fundi, aliyekuwa akipiga pasi. "Muanze wewe."

"Mimi? Mjane mwenye wajukuu nianze kutongoza?"

Jumamosi moja Desimali aliingia mikono mitupu, kijasho chembamba kikimtoka.

"Nimekuletea zawadi," alisema. Akaokota chaki ya kukatia nguo, akaandika kwenye kitambaa cheusi kilichotandazwa mezani: 142857.

"Namba?" Dada aliangua kicheko. "Wenzako wanaleta pete, shemeji!"

Lile neno shemeji lilimfanya Desimali adondoshe chaki mezani. "Zidisha kwa mbili," akamwambia fundi.

Fundi alivuta chaki kwa hasira, akidhani anafanyiwa mzaha. Akapata 285714. Akakunja uso. "Mbona ni zile zile?"

Kwa tatu ikawa 428571. Zile zile tena, zimefuatana vile vile, ila zimeanzia pengine. Akaenda kwa nne, kwa tano, kwa sita. Tarakimu zilizunguka kama watoto walioshikana mikono, hakuna aliyetoka wala mgeni aliyeingia. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa upya. Hasira zilishamtoka bila mwenyewe kujua.

"Na kwa saba?"

"Jaribu."

Zikatoka tisa tupu: 999999.

"Khaa! Zimekwenda wapi?"

"Hapo ndipo mchezo unapoishia," alisema Desimali, macho kwenye meza. "Nami nimechoka kuzunguka. Maneno matamu sina, unaniona. Hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote ninavyovijua, nikaona si vyema nikae nacho peke yangu. Kwa hiyo... yaani, kama hutojali... tukae wote."

Fundi aliiweka chaki mezani. Kisha wakasikia harufu ya kitu kinachoungua.

"Pasi!" fundi alipiga kelele, na dada yake akainyakua kutoka kwenye sketi ya mteja, akicheka huku machozi yanamtoka. Ya moshi, alisema.

Fundi alimgeukia Desimali, akashusha futi ya kupimia aliyokuwa ameitundika shingoni.

"Simama wima."

"Unanipima nini?"

"Suti ya harusi sishoni kwa kukisia. Nyanyua mikono."

Akaizungusha futi kifuani mwake. Kifua kilipanda na kushuka hata kipimo hakikushikika.

"Pumua polepole, mwenzangu," alimwambia, akacheka na kuanza kupima upya.