Faili Halipo

Ofisini walimwita Bi Mkato, maana alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyetunza programu inayokusanya mafaili ya wenzake na kuyaunganisha yawe kitu kimoja kinachofanya kazi. Ikigoma, ilisema kama mwenyewe: "Faili halipo." Basi.

Asubuhi moja mumewe alikuwa anapiga pasi shati. "Dada yangu anataka kuacha kazi," alisema. "Akijua nimekwambia, atanila mbichi."

Dada huyo alikuwa ameajiriwa juzijuzi ofisi hiyohiyo. Bi Mkato alimkuta mezani, macho yamemvimba.

"Nionyeshe, wifi."

"Usijisumbue. Mimi ndiye mbumbumbu. Tangu jana naambiwa faili halipo, na mafaili yote yapo. Nimefuta kazi yangu nikaandika upya, wapi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Wewe wifi hata salamu unaitikia nusu."

Bi Mkato akavuta kiti. Alidhani ataliona kosa papo hapo. Akatafuta, akakuna kichwa, chai ikapoa. Mpaka alipofungua matumbo ya programu yenyewe ndipo akaona: wifi aliandika "risiti", na faili linaitwa "Risiti". Herufi moja tu. Programu ilijua fika inatafuta faili gani, ila Bi Mkato hakuiagiza ilitaje.

Moyo ukamuuma. "Hukushindwa, wifi," alisema. "Ulifichwa kosa lilipo."

Hakurudi mezani kwake. Aliandika ujumbe mpya wa programu palepale, wifi akiusoma kwa sauti. Wa kwanza ulijaa skrini nzima.

"Hili ni gazeti," wifi alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Wa pili ulianza na "Umekosea".

"Huu unanigombeza."

Wakakata, wakaongeza, wakabishana, mwisho wakabaki na huu: "Sikuliona faili 'risiti'. Kuna 'Risiti' lenye herufi kubwa. Ndilo unalotaka?"

Wifi akarekebisha herufi, akabonyeza. Programu ikakubali. Akaegemea kiti, akashusha pumzi. "Kumbe nilikuwa karibu hivi."

Bi Mkato alikuwa ameshafungua ujumbe mwingine wa programu. "Na huu je? Ukikutokea utajua la kufanya?"

Wifi akausoma, akaurudia. "Sijui hata unaniambia nini."

"Haya, sogea. Tuuandike."