Betri ya Vishikio Viwili

Wiki tatu kabla ya mazishi, Sista Nasimiyu alisimama dukani kwa Amin mjini Voi, uso ameukunja, na mbele yake betri tatu zimepangwa sakafuni. Alikuwa ametoka Mboghoni alfajiri, saa nzima yeye na dereva wakikwama kwenye matope, maana mvua za mwaka ule wa tisini na saba hazikuacha barabara salama. Yeye ndiye aliyekuwa muuguzi wa dispensari ya kule, dispensari isiyo na stima, na friji yake ya pekee ilikuwa ile ndogo ya gari, iliyokaa nyuma ya Landrova. Humo ndimo alimohifadhi chanjo za watoto. Injini ikizimwa, friji iliinyonya betri ya gari hadi ikakauka, kisha chanjo zikapata joto na kazi yote ikawa bure.

Na nani alikuwa akiizima injini? Bwana Maundu, mwenyekiti wa kamati ya dispensari. Mtu alikuwa anataka udiwani, basi Landrova ya wagonjwa ikageuka ya kampeni. Mwezi uliopita aliichukua na friji ikiwa ndani, akaiegesha juani mkutanoni kutwa nzima. Kesho yake Nasimiyu alimwaga chooni dozi themanini za chanjo ya surua huku akina mama wamejipanga nje. Mmoja wao alikuwa Lois, mke wa mdogo wake Maundu mwenyewe, na mtoto wake Mwendwa mgongoni, miezi kumi tu.

"Njoo mwezi ujao, mama," Nasimiyu alimwambia.

"Sasa sikiza, dada," Amin alisema. Alikuwa mzee wa Kiswahili, mwuza vipuri, na hakupenda kuharakishwa. "Hii ya kwanza ni ya lori. Ni kubwa na bei yake nafuu, lakini hutoa nguvu kwa mpigo mmoja kuwasha injini, kisha yataka ijazwe papo hapo. Friji haitaki mpigo. Friji yanywa kidogo kidogo, usiku na mchana. Ukiikausha hii mara chache, umeiua."

"Na hii?"

"Hii ni ya sola, imeumbwa kutoa polepole. Nitakufungia chini ya boneti, injini iwe yaijaza kila mwendapo."

"Ikifungwa kwenye gari itakwenda na gari," Nasimiyu alisema. "Na gari linakwenda na Maundu."

Amin alicheka, akaivuta ya tatu. Ilikuwa betri ile ile ya sola, ila imetiwa ndani ya sanduku la mbao, na tundu la kuchomekea waya wa friji, na taa ndogo ubavuni: kijani ikiwa imejaa, manjano ikifika nusu, nyekundu ikiwa hoi. Ingejazwa garini kwa waya, kisha ichomolewe, ibebwe ndani pamoja na friji, na gari liende zake popote.

"Lakini ni nzito," Amin alionya. "Ndiyo maana ina vishikio viwili. Yataka watu wawili. Na isishuke chini ya nusu, tafadhali. Ikifika manjano, ijazeni."

Nasimiyu aliichagua hiyo. Alidhani angepigania uamuzi wake kwenye kamati, akajiandaa na maneno makali njia nzima. Ajabu, Maundu alikubali hata kabla hajamaliza kueleza. Aliinama, akajaribu kishikio kimoja, akasema hilo ni wazo zuri sana, la kisasa. Nasimiyu akafurahi kama mjinga.

Zamu ya Mboghoni ya kupewa chanjo ilikuwa mwisho wa mwezi. Katikati ya kungoja huko surua iliingia, na Mwendwa wa Lois akawa wa kwanza. Alikufa siku ile ile chanjo zilipofika.

Nasimiyu hakwenda matangani. Tuseme ukweli, aliogopa. Angemwangalia Lois kwa macho gani? Alituma unga na sukari, akajishughulisha na orodha ya watoto mia na sitini wa kijiji jirani cha Njukini, ambao angewachanja siku moja baada ya mazishi.

Siku ya mazishi, asubuhi, alikwenda mferejini kuteka maji na kuongea na jirani. Aliporudi, chumba cha dawa kilikuwa kimya. Friji ilikuwepo. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, na pale pa sanduku palikuwa na alama ya mraba tu kwenye vumbi.

Alifunua kifuniko, akatazama kipimajoto. Digrii sita. Ikipita nane, basi. Na kutoka ng'ambo ya migomba, kwenye boma la mdogo wake Maundu, sauti ya Maundu ilikuwa ikivuma kwa spika hadi huku.

Nasimiyu alitembea ukingoni mwa mfereji akiongea peke yake. Alimtukana Maundu kwa Kibukusu, kwa kuwa Kiswahili hakikumtosha, kisha akajigeukia. Si yeye aliyetaka kitu cha kubebeka? Si alibishana na Amin? Haya, kimebebwa.

Watu walijaa uani hadi kwenye mahindi. Jeneza lilikuwa juu ya meza, dogo mno, halikujaza hata nusu ya meza hiyo. Kando yake Maundu alishika maiki, ameacha habari za marehemu zamani.

"Mkinipa kura," alikuwa akisema, "dispensari yetu itapata vifaa ambavyo hata Voi..."

Nasimiyu alipita katikati ya wazee, akapiga goti kando ya spika, akachomoa waya wake kwenye sanduku la betri. Mdomo wa Maundu uliendelea kidogo bila sauti. Taa ya sanduku ilikuwa ya manjano.

"Sista," Maundu alisema, "tuwe na heshima. Hapa kuna maiti."

"Najua kuna maiti. Mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani bila sindano, kwa sababu wewe ulipeleka friji mkutanoni. Sasa umeleta betri ya friji hiyo hiyo uombee kura juu ya jeneza lake. Kesho nina watoto mia na sitini Njukini. Nikimwaga tena dawa, hotuba yako utaimalizia kwenye mazishi ya nani?"

Kombo, dereva, alisogea hatua moja akasema kwa upole, "Sista, ngoja nikupeleke na gari."

"Ufunguo uko kwa nani?"

Kombo alimtazama Maundu. Maundu akatazama pembeni.

Nasimiyu alishika kishikio kimoja, akavuta. Sanduku lilichimba mchanga, likagoma. Akavuta tena, jasho na machozi vikichanganyika, na wanaume wote wale, wenye mabega ya kubeba mikungu ya ndizi, wakawa wanakagua viatu vyao.

Ndipo Lois aliponyanyuka mkekani. Alijifunga leso kiunoni, akapita mbele ya shemeji yake bila kumtazama, akainama, akashika kishikio cha pili.

"Wewe kaa, mama," Nasimiyu alinong'ona. "Tafadhali."

"Inua," Lois alisema. Kisha akawageukia watu. "Msimzike mpaka nirudi."

Walibeba sanduku kando ya mfereji, wakasimama mara nne kubadilishana mikono. Chumbani Nasimiyu alichomeka waya, friji ikaanza kunguruma. Kipimajoto kilisoma saba.

Lois aliweka kiganja juu ya kifuniko.

"Sindano ya Mwendwa ilikuwa humu?"

"Ilikuwa humu."

Alisimama hapo akiisikiliza friji. Baadaye akafungua leso kiunoni, akaitandaza tena mabegani.

"Haya," alisema. "Twende tukamzike."