Nusu ya Pili ya Chumvi

Pale hospitalini walimwita Gramu Tisa, na wengi hawakulijua jina lake jingine. Kila lita ya dripu ya chumvi hutiwa gramu tisa za chumvi, si nane wala kumi, na yeye ndiye aliyezipima kwa miaka kumi na minane, katika chumba cha nyuma ya stoo ya dawa chenye dirisha moja lisilofunguka.

Zamani alikuwa na mwenzake, mama wa makamo aliyemwita Dada. Mizani yao ilikuwa ndogo, hivyo chumvi ya mtungi wa lita ishirini waliipima kwa nusu mbili, gramu tisini tisini. Mmoja akimimina husema, "Ya kwanza," na mwingine hujibu, "Nimeiona." Kisha ya pili. Dada alipostaafu akahamia kwa mwanawe, na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Nyumbani nako Gramu Tisa alikuwa peke yake tangu mkewe afariki. Zilipita siku ambazo hakutamka neno lolote isipokuwa yale ya kwenye mizani.

Jumatatu moja, wodi ya watoto ikiwa imefurika wagonjwa wa kuhara na kutapika, alitengeneza mtungi mmoja, chupa arobaini za nusu lita, asubuhi na mapema. Akazitia kwenye jiko la mvuke kuua vijidudu, akazipoza, akaziinua moja moja kwenye mwanga kutafuta uchafu. Zilikuwa safi. Aliposhika kalamu aandike lebo, mkono ukasita. Alikumbuka kusema, "Ya pili." Alikumbuka kunyamaza akingoja jibu, kwa mazoea. Kumimina kwenyewe hakukukumbuka.

Akafungua chupa moja, akaonja. Chumvi ilikuwemo. Lakini ulimi si mizani. Haungeweza kumwambia kama ni nusu au ni yote. Na mtoto aliyekaukiwa akitiwa mshipani maji yaliyopungukiwa chumvi, ubongo unaweza kuvimba. Maabara ya kupima ilikuwa mji mwingine, majibu siku tatu.

Muuguzi wa watoto alikuwa tayari mlangoni na toroli. Alisema wamebakiwa na chupa sita tu. Gramu Tisa angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akamwomba arudi saa nane mchana, kisha akaenda kumwita mfamasia mkuu, mwanamke wa umri wa kuwa binti yake.

Mfamasia alimuuliza mara mbili kama ana hakika amesahau.

"Sina hakika nimesahau," akasema. "Wala sina hakika nimemimina. Na sina wa kumuuliza, mwanangu."

Mfamasia akazungusha macho mle chumbani kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Basi tumwage, baba," akasema.

Walizimwaga wote wawili, bega kwa bega, hadi chupa ya mwisho. Kisha mfamasia akasimama mbele ya mizani. Ya kwanza ilipomiminwa aliitikia kwa kichwa tu, na mzee akamweleza kwa upole kwamba kichwa hakitoshi.

"Nimeiona," akasema mfamasia.

Kule wodini, waliokuwa hoi ndio waliopewa zile chupa sita. Walioweza kunywa wakanyweshwa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, taratibu, na mama zao. Toroli iliporudi, chupa mpya zilikuwa tayari. Hadi jioni hakupotea mtoto.

Gramu Tisa aliomba apewe mwenzake, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Mfamasia akajibu kwamba nafasi hakuna, ila atakuja yeye mwenyewe kila asubuhi. Na kweli akawa anakuja, anasoma mizani, anajibu mara mbili, anatia saini, anaondoka. Dakika kumi. Hakuwahi kuketi.

Mzee akaanza kupiga pasi koti lake la kazi. Ijumaa akachemsha chai ya watu wawili na kufuta kiti cha pili. Mfamasia alishukuru sana, akakipokea kikombe, akaenda nacho ofisini kwake. Gramu Tisa akanywa yake amesimama, akisikiliza jiko la mvuke likianza kupiga mluzi.