Herufi za Shanga

Wanawake tisa wa Endulen walinisimulia maisha yao bila kudai chochote, ila kwa sharti moja. Kila simulizi ianze na jina la mwenyewe, na herufi ya kwanza ya jina hilo iwe kubwa, imepambwa kwa mpangilio wa shanga alioutaka yeye. Aliyewaahidi ni mimi. Kitabu kililipiwa na hoteli moja ya Karatu, kiwekwe vyumbani kwa ajili ya wageni.

Niliifanya kazi hiyo miezi minne katika duka la uchapaji la Sylvesta. Kila herufi niliichora kwenye kompyuta punje kwa punje, nikaishusha mistari mitano ndani ya aya ili maneno yaizunguke. Bibi Naeku alinikalisha asubuhi nzima kwa sababu ya N yake.

"Buluu hailali na kijani, mtoto wewe! Hiyo diploma haikukufundisha kutumia macho?"

Mwishoni nikazifunga sura zote kwenye mtindo mmoja wa kompyuta; ukiubadilisha mara moja, zote tisa zinatii. Nilijisifu sana kwa hilo.

Kitabu kilipokaribia kwenda mtamboni, Metui alikuja dukani. Mama yake, mmoja wa wale tisa, alikuwa amefariki siku kumi nyuma.

"Dada, kwetu unakujua. Jina la marehemu halitamkwi tena. Wageni watalisoma kwa sauti huku wanakunywa bia. Litoe. Maneno yake yabaki."

Aliomba haki yake. Hata hapa sitaliandika.

Nikamweleza Sylvesta. Akampigia Martha, meneja wa hoteli, akaweka simu kwenye spika.

"Jina moja likitoka, sura hiyo itaonekana kilema," Martha alisema. "Toeni yote. Kitabu kiwe sare."

"Wanane wako hai!" nilidakia. "Na waliahidiwa!"

"Nashilu, mdogo wangu, wageni wanataka utamaduni, hawataki orodha ya mahudhurio. Na si ninyi wenyewe mnaosema majina hayatajwi?"

"Ya marehemu!"

"Basi tuwaheshimu wote sawasawa."

Simu ikakatika. Sylvesta akajikuna kidevu. "Umesikia. Baada ya jina, wote wanaendelea na 'Nilizaliwa', sivyo? Chukua ile N ya bibi mkali, iweke kote. Ni nzuri mno."

"Weka mwenyewe."

Akanisogeza na kiti changu, akaweka. Hakutumia hata dakika moja. Ule mtindo wangu ulimtii yeye kama ulivyonitii mimi.

Vitabu vilipotoka nilivipeleka Endulen mwenyewe. Nilitaka matusi yanifikie mimi, yasiishie kwa dereva. Wanawake walikusanyika nyumbani kwa Bibi Naeku. Yeye hajui kusoma, lakini alifunua kurasa, akaitambua N yake, akatabasamu. Akafunua tena, akaikuta tena. Tena. Tabasamu likaondoka.

"Mbona wote wamevishwa shanga zangu?"

"Umejizolea zote, Naeku," alisema Sairowua, jirani yake, bila kumtazama. "Hongera."

Bibi Naeku akampa kitabu mjukuu wake, Neema, anayesoma sekondari. "Nisomee pangu."

"'Nilizaliwa mwaka wa ukame...'"

"Anza na jina."

"Jina halipo, koko," Neema alimjibu bibi yake.

"La Sairowua je?"

Neema akafunua, akatikisa kichwa.

Nikaeleza. Nikamtaja Metui, nikamtaja Martha, nikaitaja sare. Kiswahili changu ninachojivunia kilitoka vipande vipande, kama cha mtu anayeungama kituoni.

Bibi Naeku alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakichukua kitabu kwa Neema, akakifunga na kunirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mgeni kitu alichosahau.

"Mama yake Metui tumemnyamazia kwa kuwa tumemzika," alisema. "Mimi mmenizika lini? Nijibu, msomi."