Namba ya Mtu wa Karibu

Siku kumi baada ya tarehe yake kupita, mtoto alikuwa bado ametulia tumboni kama mpangaji asiyetaka kuhama, na fundi cherehani akaitwa hospitali aanzishiwe uchungu. Alikuja na mfuko mmoja na visingizio chungu nzima. Mume yuko safarini. Dada anaumwa. Jirani atafika mchana. Mkunga, mama wa makamo asiye na papara, alivisikiliza vyote huku akimtundikia dripu. Akamwambia matone yataongezwa kila nusu saa, na uchungu wa kuanzishwa huja kwa kishindo, kwa hiyo huyo jirani asichelewe.

Hakukuwa na jirani. Wala mume, alijiondokea mimba ikiwa ya miezi minne. Dada alikuwa mzima kabisa. Ndiye aliyesema mapema, tena mbele za watu, kwamba yule bwana ni wa kupita tu. Fundi alimjibu ovyo, akakata mguu kwake, na sasa mwaka umekwisha. Kumpigia leo ni kukiri kwamba dada alisema kweli.

Kitanda cha pili, mama mkwe alikuwa akimsugua mke wa mwanawe mgongo, akimtania kwamba mtoto ni mvivu kama baba yake. Fundi aligeukia ukutani. Alitamani naye apate wa kumtania.

Saa sita mchana uchungu ulimshika sawasawa, akang'ata shuka. Mkunga alifungua faili, akatafuta palipoandikwa mtu wa karibu, akapiga namba aliyoikuta.

Simu ikaita chini ya mto wa fundi.

Iliita muda, wote wawili wakiisikiliza. Asubuhi pale mapokezi karani alikuwa akimharakisha, naye kwa kukosa wa kumwandika akaandika namba yake mwenyewe. Aibu ilimjaa. Mkunga alikata simu, akaifuta ile namba kwa mstari, akangoja na kalamu mkononi.

Uchungu ulirudi, ukapita. Ndipo fundi akaitaja namba ya dada yake, tarakimu moja moja, bila kukosea.

Mkunga alipiga, akaeleza. Fundi alifumba macho, akingoja kuachwa tena.

"Mwambie navaa viatu," sauti ya dada ikasikika mpaka kitandani. "Na hasira zangu nakuja nazo."