Sukari Isiyoguswa na Sisimizi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Thilagavathi alikuwa ameshapima vikombe viwili vya chembe nyeupe na kuvitia kwenye mashine ya kusagia masala. Alisaga huku akihesabu hadi kumi, akazima, akagonga kifuniko, akasaga tena. Zikisagwa kidogo hukwaruza ulimi kama mchanga. Zikisagwa mno huwa vumbi linaloshikana. Alizimwaga kwenye bakuli pana, akaongeza vijiko viwili vya molasi na chumvi ya ncha ya kisu, akaanza kuponda kwa uma.

Molasi, ile asali nyeusi inayobaki sukari ikitengenezwa, ilitoka kiwandani ndani ya chupa kuukuu ya achari. Fundi mmoja wa mapipa alimpa mumewe bure. Chembe nyeupe hazikutoka huko. Kiwanda cha ng'ambo ya reli, ambacho harufu yake ya miwa iliyochemshwa iliingia dirishani usiku na mchana, hakikutengeneza utamu usio na sukari. Huo uliuzwa kwenye duka la dawa, randi mia moja sitini na tisa kwa nusu kilo. Sukari ya kahawia dukani kwa jirani ilikuwa randi ishirini na saba kwa kilo nzima.

Baada ya dakika sita za uma, weupe ulikuwa umekwisha. Kilichobaki bakulini kilikuwa na rangi, unyevu na harufu ya sukari ya kahawia.

Perumal aliingia akifunga vifungo vya shati lake la kutokea.

"Umeamka kufua dhahabu?"

"Dhahabu ingekuwa rahisi zaidi, Baba Kasturi. Onja."

Akachovya kidole. Akafumba jicho moja. "Baridi. Kama kulamba mlango wa friji."

"Wiki iliyopita ulisema kama dawa ya meno."

"Basi umepanda cheo."

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameendesha lori la miwa. Kibali chake cha udereva kilikuwa kinakwisha tarehe thelathini. Kukipata kipya kulihitaji sahihi ya daktari, na daktari wa kliniki hakumtilia sahihi dereva ambaye kipimo chake cha sukari ya miezi mitatu hakikuwa chini ya nane. Mwezi Machi Perumal alikuwa tisa nukta sita. Tangu hapo Thila alikuwa ameondoa wali wa jioni, mkate mweupe na viazi ndani ya mchuzi, na chai ameitia sukari yake mwenyewe. Damu ilichukuliwa Ijumaa iliyopita. Majibu yalikuwa leo, Ijumaa.

Nje, Amma, mama yake Perumal, alikuwa akichuma maua ya kuweka mbele ya taa ya ibada, nywele zikiwa bado mbichi kwa kuoga. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Mwanawe hakuwahi kumwona akiacha taa ya Ijumaa, hata mwaka wa mafuriko. Kila Ijumaa kabla ya magharibi alipika soji: semolina iliyokaangwa kwa samli, maziwa, iliki, kikombe cha sukari ya kahawia. Hakuna aliyeruhusiwa kuionja kabla taa haijapewa fungu lake, hata mpishi. Na ikishatolewa, hakuna aliyeikataa. Perumal angeweza kumkatalia daktari, lakini si kijiko kutoka mkononi mwa mama yake. Na iliyobaki aliimaliza Jumamosi na Jumapili.

Ndiyo maana mwezi Machi Thila alikuwa ameumwaga mkebe wa sukari uliokaa chini ya rafu ya taa, akaujaza ya kwake. Hakumwambia Amma. Amma asingekubali kumpelekea Mungu dawa ya mgonjwa. Ijumaa ya kwanza Thila aliila soji hiyo kwa wasiwasi, akakuta haina ubaridi hata chembe. Alijipongeza. Akahitimisha kwamba samli na iliki vilikuwa vimeumeza.

Sasa aliujaza mkebe tena, akaurudisha, akachukua mkoba.

Kliniki walipewa namba arobaini na moja. Ukutani palikuwa na bango la chakula bora: samaki wa rangi ya waridi, majani, vitunda vidogo vya buluu. Perumal aliliangalia muda mrefu.

"Yule samaki anauzwa wapi?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Miezi mitatu mizima kabeji. Ningejua kuna samaki."

Daktari alikuwa kijana, mgeni wa mji, kwenye mwaka wake wa kwanza wa kazi. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Nane nukta tatu."

"Ilikuwa tisa nukta sita," Thila alisema.

"Imeshuka, mama. Nawapongeza. Lakini haijafika."

"Nukta tatu tu, daktari."

"Lori likijaa miwa lina tani ngapi?" Daktari alimgeukia Perumal.

"Thelathini. Siku nyingine na zaidi."

"Nikitia sahihi, halafu fahamu zikupotee barabarani, nitaulizwa mimi. Rudi baada ya miezi mitatu."

"Kibali kinakwisha mwisho wa mwezi."

"Hilo haliko mikononi mwangu, baba." Alisema hivyo bila ubaya wowote, akaita namba arobaini na mbili.

Sista Khuzwayo, muuguzi aliyekuwa amemtoa damu wiki iliyopita, aliwafuata hadi mlangoni. "Mama, wagonjwa wangu wengi hawajawahi kushuka hata nukta moja. Huyu unampa nini?"

Thila alimweleza: vikombe viwili, vijiko viwili, chumvi, uma. Sista aliandika nyuma ya kadi ya miadi. "Na hizo chembe zinauzwaje?"

"Mia na sitini na tisa. Nusu kilo."

Sista aliifunika kalamu. Akabaki na kadi mkononi, maelekezo yakiwa nusu, kisha akaitia mfukoni.

Barabarani Thila alisimama mbele ya mumewe na kumzuia kupita.

"Umekula nini?"

"Nimekula ulichonipa."

"Umetafuna muwa kwenye lori."

"Naapa kwa moto uliomchoma marehemu baba yangu, sijatafuna muwa tangu Machi. Madereva wenzangu wananicheka. Wananiita bwana harusi, eti najilinda."

"Basi ni nini? Nane nukta tatu imetoka hewani?"

"Thila, mimi ninakula kabeji, ninakunywa chai yako ya barafu, nasubiri Ijumaa nile soji ya Amma. Hiyo tu. Na niseme ukweli? Ujifunze kwake. Yeye sukari yako anaipika haina baridi hata kidogo."

Thila alimpisha. Sukari ilikuwa ileile. Biskuti alizompikia mwezi uliopita zilikuwa na samli ileile na iliki ileile, na zilikuwa baridi hadi akawapa kuku. Aligeuka kuelekea nyumbani, akakumbuka kwamba njia ilipitia ofisi ya mkandarasi mwenye malori, na kwamba dereva aliyenyimwa sahihi alipaswa kurudisha funguo siku hiyohiyo, hata kama kibali hakijaisha.

Karani Rajen alikuwa amepigiwa simu tayari. Au labda alizisoma nyuso zao. Alinyoosha mkono kupitia dirisha dogo.

"Pole, Anko. Funguo. Jumatatu unaripoti uwanjani, kufagia miwa inayodondoka. Mshahara wa uwanjani."

"Ambao ni nusu," Thila alisema.

"Ni wa uwanjani, Anti. Kibali kikija, tutaona kama lori bado lipo." Akasukuma daftari mbele. "Na usaini hapa, Anko. Zawadi ya mwezi."

Zawadi ilikuwa mfuko wa kilo tano wa sukari ya kahawia. Miaka miwili nyuma madereva walikuwa wameomba ofisi iwalipie daktari. Ofisi ilijibu kwamba fedha hazipo, ila kiwanda kinaiuzia sukari kwa bei nzuri, kwa hiyo kila dereva atapata mfuko mmoja kila mwezi, na picha ilipigwa. Mifuko ya Perumal tangu Machi ilikuwa chini ya kitanda cha Amma. Thila alikuwa akidhani inagawiwa hekaluni.

"Usipochukua inaandikwa umekataa," Rajen alisema. "Si vizuri kwako, wakati huu."

Perumal alisaini. Aliubeba mfuko begani njia nzima, majivu ya mashamba yaliyochomwa yakimdondokea kwenye shati la kutokea.

Amma alikuwa amekaa jikoni akiokota takataka kwenye semolina. Thila hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja chumbani mwa Amma, akainama chini ya kitanda, akauvuta mfuko mmoja. Ulikuwa umefunguliwa. Ndani palikuwa na kikombe.

Alirudi akiwa ameushika mbele yake.

"Amma. Hii ndiyo unayopikia?"

Bibi kizee alimtazama mwanawe, kisha mkwewe. "Kaa chini kwanza. Sikutaka uone haya."

"Haya ya nini?"

"Kwamba ulitapeliwa dukani." Alisema taratibu, kama anayetoa habari ya msiba. "Ile ya kwenye mkebe si sukari, mwanangu. Nilijua Ijumaa ya kwanza. Siruhusiwi kuonja, lakini pua ninayo. Sukari ikigusa samli inatoa povu na kunukia. Ile ilikaa tu, kama mgeni asiyejua lugha. Nikaichukua kijiko nikaiweka kizingitini. Sisimizi walikuja, wakaizunguka, wakapita. Sukari ambayo sisimizi hawaigusi, nitampaje Mungu? Nitampaje mwanangu?"

"Kwa hiyo ukatumia ya ofisini."

"Ya ofisini nzuri. Na kila Ijumaa nilimwaga kikombe cha ile nyingine kwenye shina la mgomba, usije ukaona mkebe haushuki ukajiuliza."

Perumal alikaa juu ya mfuko mpya. Mabega yalianza kumtikisika, na Thila alidhani analia.

"Randi mia na sitini na tisa," alisema, akicheka hadi machozi. "Mgomba wetu umekula dawa kuliko hospitali ya wilaya! Huo ndio wa kupewa kibali, uendeshe lori."

"Unacheka," Thila alisema. "Jumatatu unashika fagio na unacheka." Kisha akamweleza Amma yote: kipimo, nukta tatu, funguo, sukari aliyoitengeneza mwenyewe kwa uma na kuificha.

Amma alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu.

"Ni mkono wangu, basi?"

Thila ndiye aliyejibu, kwa sababu mumewe asingeweza.

"Ni mkono wangu pia, Amma. Ningekuambia Machi."

"Ungeniambia Machi ningekufukuza jikoni," Amma alisema, na huo ulikuwa ukweli. Alinyanyuka kwa kushika meza. "Lete mkebe. Lete na hiyo chupa ya molasi. Unaitia wapi, molasi?"

"Kwenye chembe. Naponda kwa uma."

"Ndiyo maana hainuki. Molasi ianze kwenye samli ya moto, peke yake. Halafu semolina, ikaangwe hadi iwe rangi ya mkono wangu huu. Huo utamu wako utie mwisho kabisa, na chumvi. Nani alikufundisha kupika? Mimi? Aibu yangu."

Samli ilipopokea molasi, povu lilipanda, na jikoni kukanukia kama Ijumaa zote. Thila alikoroga. Amma alisimama ubavuni kwake, pua juu ya sufuria, akisema ongeza, punguza, acha.

Jua lilipokuwa likizama taa iliwashwa. Amma aliweka fungu la kwanza kwenye jani, akalisogeza mbele ya mwali.

"Leo ni tofauti," aliiambia taa, kwa sauti ya kawaida. "Utazoea. Na wewe una miaka mingi, na sukari yako haijawahi kupimwa."

Kisha akamlisha mwanawe kijiko. Perumal alitafuna. Wanawake wawili walimwangalia.

"Baridi?" Thila aliuliza.

"Kidogo. Kwa mbali. Kama mlango wa friji uliofungwa." Akainua sahani aongezwe.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, Perumal akiwa amevaa ovaroli badala ya shati la udereva, Amma alimsubiri mlangoni na mfuko wa kilo tano miguuni pake, ule ambao haukufunguliwa. Alikuwa amepalilia miwa kwenye mashamba ya kiwanda hichohicho kwa miaka thelathini na mmoja kabla magoti hayajakataa. Siku hizo walipewa posho ya unga, dengu na sukari.

"Mpelekee Rajen," alisema. "Mwambie mimi nilishalipwa kwa sukari miaka thelathini na mmoja. Imetosha."

"Amma, wataandika nimekataa."

"Waandike. Kalamu ni yao."

Dirishani Rajen aliutazama mfuko, akalifunua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari. Palikuwa na safu ya jina, safu ya tarehe na safu ya sahihi ya kupokea.

"Hakuna mahali pa kurudisha, Anko. Niandike wapi?"

"Sijui," Perumal alisema. "Mimi ni mtu wa fagio."

Aliuweka mfuko kwenye ukingo wa dirisha, akaenda uwanjani. Rajen hakuuchukua, kwa sababu hakuwa na pa kuuandika, na hakuna mwingine aliyeugusa. Kufikia saa nne pembe yake moja ilikuwa imepasuka kidogo, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari ukutani, wakipanda kuelekea dirisha la ofisi.